Vua Upote, Bwana

Juzi alinijia kijana wa upande wa Sikonge, upinde begani, umefungwa upote, ile kamba ya kuvutia mshale, tangu mwaka jana. "Shikamoo fundi. Msimu unakaribia, naomba uniangalizie." Marahaba. Nikamuuliza ulikuwa umekaa wapi muda wote huo. "Kwenye uchaga, juu ya meko. Babu alisema ukivua upote, upinde unasahau kazi."

Basi na mimi damu ikanipanda. Maneno hayo nimeyasikia kwa warina asali, kwa wachungaji, na kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyeniapia kwamba rugaruga, wale askari wa mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, walilala na pinde zao zimefungwa. Mwalimu, rugaruga walivuma kwa magobori, na Mirambo mwenyewe alikufa 1884. Nani aliyekwenda kuwachungulia usiku?

Mti unachosahau ni kunyooka. Upinde ukifungwa, tumbo, yaani upande unaokutazama ukivuta, linabanwa, na mgongo, upande wa nje, unavutwa, usiku na mchana, hata kama hakuna anayeugusa. Nyuzi za mti upande wa tumbo zinasagika kidogo kidogo. Siku ukiuvua upote unakuta umebaki umejikunja, na ukiufunga tena unavuta na kuvuta mkono hausikii uzito wa maana mpaka karibu na shavu. Mshale unaondoka kivivu, kama umetumwa dukani.

Kupima ni rahisi. Vua upote, laza upinde mezani, tumbo chini, ncha zikiigusa meza. Tazama nafasi chini ya mshikio. Vidole viwili, sina neno. Vitatu, naanza kuguna. Ila nina upinde wa marehemu baba wenye vidole vinne kamili, na bado unazipita pinde zangu mpya nyingi. Kwa hiyo kipimo changu si msahafu.

Sasa huo uchaga. Huku kwetu Tabora, Mei hadi Oktoba hewa yenyewe inakausha kila kitu. Unaongeza moshi na moto wa nini? Mti uliokauka kupita kiasi hauinami, unakatika. Wenye unyevu nao unajikunja upesi. Uning'inize ukutani ndani ya nyumba, mbali na meko, upote umevuliwa. Basi.

Nyufa ndizo zinazowachanganya watu. Mtu anakimbia kwangu jasho linamtoka kwa sababu ya kaufa kembamba kanakofuata urefu wa mti. Huo ni ukavu tu, mara nyingi hauna madhara. Ninachokiogopa ni kamstari kanakokatiza upana, tumboni, kama kunyanzi la paji la uso. Macho huweza kukapita. Pitisha ukucha polepole, ukikwama hapo ndipo penyewe. Mgongoni tumia pamba. Ikiacha vinyuzi mahali, kuna kibanzi kimeinuka, na upinde huo usiuvute tena.

Upote wa kano haupendi maji, upake nta. Tabora mtu akose nta? Wa nailoni unalegea, na vitanzi vyake vinaliwa kwenye ncha. Mishale iangalie mmoja mmoja, uliopinda weka kando. Na tafadhali, usivute ukaachia bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye mti.

Mafuta? Mimi hupaka ya kondoo. Kwamba yanaupa mti nguvu, siamini. Pengine yanazuia unyevu kidogo. Napaka kwa sababu baba alipaka.

Leseni ya kuwinda je? Pori la Ugalla alikowinda babu yako limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019, na hakimu hatakuuliza habari za upote.

Tumrudie kijana. Tumboni, kidole kimoja juu ya mshikio, ukucha wangu ulikwama. Nikamwambia auache. Akasema, "Fundi, huu ni mzima, tazama," akauvuta mpaka sikioni. Ulilia mara moja tu, kama kuni mbichi motoni, akabaki na nusu mkononi na nusu ikimpiga gotini. Kama uliuawa na meko au na upote, sitaapa, nahisi vilishirikiana.

Upote wenyewe ulitoka bila mkwaruzo. Aliondoka nao kauzungusha shingoni, anachechemea.