Kuchora kwa mstari mmoja bila kuinua peni, ni nini hasa?

Ni hivi, unaweka ncha ya peni kwenye karatasi na hauinui mpaka mchoro uishe. Ukitoka kwenye jicho kwenda puani lazima upite njia, ukitaka kurudi ulikotoka unapita juu ya mstari uleule au unakatiza tu katikati ya shavu, na mistari ya kukatiza haifutwi, inabaki hapohapo. Ndo maana peni ni nzuri kuliko penseli, huna hata hamu ya kutafuta raba.

Wengi wakisikia mstari mmoja wanawaza zile picha safi za nyuso au wanyama, kama za Picasso. Zile zinatoka kwa mtu ambaye jicho lake lilishaiva. Zoezi lenyewe halitafuti picha nzuri, linafundisha kuangalia.

Maana shida ya anayejifunza kuchora mara nyingi haipo mkononi. Kichwani tuna alama za vitu tayari, jicho ni umbo la jani na duara katikati, basi mkono unachora hiyo alama na kitu kilichopo mbele yako hata hujakitazama vizuri. Alama zinachorwa kipande kipande, jicho kivyake pua kivyake, ila mstari usiokatika unakuuliza muda wote, hiki kimeungana wapi na kile? Hapo huna ujanja, inabidi uangalie.

Chukua kikombe. Anzia kwenye mdomo, ukiuzunguka utaona sio duara, limebanwa juu na chini. Fika kwenye kishikio, kinaanzia wapi? Wengi tunakibandika palepale mdomoni wakati vikombe vingi kinaanzia chini kidogo, kwa hiyo mstari ushuke kwanza ndo utoke nje, ukunje, urudi kwa ndani, na ukiwa huko ndani unagundua lile tundu la kupitishia kidole nalo lina umbo lake, na ukilipatia hilo tundu kishikio kinakaa sawa chenyewe, mi hapa ndo napapenda kuliko pote. Halafu kitako, ambacho mtu anakichora kimenyooka kwa sababu anajua kikombe kimekaa mezani, kumbe ukikitazama kutokea juu kidogo kimepinda, tena kimepinda zaidi ya mdomo.

Kuna ndugu yake, kuchora bila kutazama karatasi kabisa, macho yote kwenye kitu. Kimon Nicolaïdes, mwalimu wa kuchora New York miaka ya 1920 na 1930, aliwaambia wanafunzi wajione kama ncha ya penseli inagusa kitu chenyewe, sio karatasi. Huu wa mstari mmoja unaruhusu kuchungulia karatasi, ila ukichungulia simamisha peni kwanza.

Na kusimama ruksa! Watu wanadhani ni mbio, hapana, peni itulie palepale hata ikiacha doa la wino, we tafuta kwa macho njia ya kwenda mbele, ukiiona endelea taratibu, jicho na peni viende mwendo mmoja. Dakika 5 mpaka 10 zinatosha kwa kitu kimoja. Ukimaliza kizungushe kikombe kishikio kikuelekee wewe, uchore tena, maana kikikaa hivyo ile alama ya kikombe uliyonayo kichwani haikusaidii chochote.