Sangari kwenye bustani ya nyasi: weka jembe chini kwanza

Mapema mwezi huu wa Machi niliitwa kwa mama mmoja huku Mbeya mjini. Bustani yake ni ya fesikyu, zile nyasi za kijani kilichokolea zinazopenda baridi yetu. Katikati yametokea mabaka yaliyopauka. "Mwanangu, hapo nimelima mara tatu," akaniambia, "na kila nikilima zinarudi nyingi zaidi." Nikachimba kidogo kwa koleo dogo, nikavuta. Ukatoka uzi mweupe, mgumu, wenye vifundo, ncha yake kali kama sindano. Sangari, gugu la jamii ya nyasi linalotambaa chini ya udongo.

Zilirudi nyingi kwa sababu ya lile jembe. Kila kifundo kina jicho linaloweza kuchipua. Ukikata uzi mmoja vipande kumi na kuviacha ardhini, umepanda sangari kumi.

Kwanza hakikisha si ndago. Viringisha shina kati ya vidole: la ndago lina pembe tatu, utazisikia. Ndago si jamii ya nyasi, na zipo dawa zinazoiua bila kugusa fesikyu. Kwa sangari mambo ni magumu, maana sangari na fesikyu ni ndugu. Naumia ninapoona mtu ameuziwa dawa ya nyasi za kwenye maharage akaipiga bustani nzima. Dawa ile inaacha majani mapana na kuua jamii ya nyasi, na fesikyu nayo imo humo.

Mimi natumia glaifoseti, tena kwenye mabaka tu, nikivuka ukingo wa baka kwa nusu hatua. Inaua kila cha kijani inachokigusa, kwa hiyo kubali kupoteza fesikyu ya hapo. Inaingilia kwenye jani na kusafiri na chakula cha mmea hadi kwenye zile nyuzi za chini. Ndiyo maana majani lazima yawepo, tena mabichi. Usikate baka hilo wiki mbili kabla. Piga sasa, Machi hadi Aprili, asubuhi isiyo na dalili ya mvua. Ukingoja Juni, sangari imedumaa kwa baridi na dawa haishuki.

Jambo moja linapuuzwa sana: maji. Glaifoseti hunata kwenye chembe za udongo, na ikishanata haifanyi kazi tena. Ukijaza bomba kwa maji ya mfereji yenye tope, dawa imekufa kabla hujalibeba mgongoni. Tumia maji masafi, na vaa glavu na buti.

Baada ya wiki tatu hivi utaona machipukizi. Dawa haikuwa mbovu. Macho yaliyokuwa yamelala hayakuipata. Yaache yafike urefu wa kiganja, piga tena, subiri majani yakauke, kisha mwaga mbegu za fesikyu Mei udongo ukiwa bado na unyevu. Baridi itaisaidia fesikyu, maana sangari ni nyasi ya joto na miezi hiyo haina nguvu ya kushindana. Mvua zikikatika, mwagilia.

Halafu acha nyasi ndefu, sentimita 7 au 8, zifunike udongo. Sangari inapenda bustani iliyonyolewa. Kijana anayemkatia yule mama nyasi alikuwa ameweka kisu chini kabisa. Tuliinama pamoja kwenye mashine, tukakipandisha tundu mbili.