Mchungaji wa muda amefika: mambo ya kuweka mezani kabla ya Jumapili ya kwanza

Usharika ukiondokewa na mchungaji, swali la kwanza la washarika huwa "nani atatuhubiria?" Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Mimbari ya Kilutheri haikosi mtu: yupo mwinjilisti, wapo wazee wa kanisa, yupo mchungaji wa usharika jirani. Kinachokwama ni sahihi ya hundi, daftari la ubatizo, ndoa ya Jumamosi ijayo, na ufunguo wa kabati uliosafiri na mwenyewe hadi mkoa mwingine. Maelezo haya ni ya wazee wa kanisa, makatibu na wahazini wa sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wanaojiandaa kumpokea mchungaji wa muda, iwe aliyetangulia amestaafu, amekwenda masomoni, amehamishwa, ni mgonjwa au amefariki.

Tangu makanisa saba yaungane na kuunda KKKT tarehe 19 Juni 1963, kila dayosisi imebaki na katiba yake na mazoea yake. Kwa hiyo palipo na tofauti, katiba ya dayosisi yenu ndiyo yenye neno la mwisho.

Kwetu usharika haumpigii kura mchungaji. Dayosisi ndiyo inayompanga. Anayekuja kushikilia kwa kawaida huwa mchungaji wa usharika jirani anayeongezewa mzigo, mchungaji msaidizi aliyekuwapo hapohapo, au mstaafu anayeombwa arudi kazini kwa miezi kadhaa. Kila mmoja ana ugumu wake. Jirani ana upungufu wa muda. Msaidizi ana upungufu wa mamlaka, maana jana wazee walikuwa wakimtuma na leo ndiye anayeongoza kikao chao. Mstaafu ana muda na heshima, ila akiwa aliwahi kutumika hapohapo zamani, ni afadhali apelekwe kwingine. Atajikuta akiendesha usharika wa miaka ile, na wale waliompenda watafurahi kupita kiasi.

Barua kwanza

Mchungaji wa muda aje na barua, na barua hiyo iseme mambo manne: anaanza lini, muda wake unaisha au unaangaliwa upya lini, anafanya nini na hafanyi nini, na gharama zake zinabebwa na nani. Jambo la tatu ndilo husahaulika. Je, ataongoza baraza la wazee, au mkuu wa jimbo, yaani msimamizi wa sharika kadhaa chini ya dayosisi, ndiye atakayekaa kwenye kiti hicho? Atatia sahihi benki? Atabatiza na kufungisha ndoa, au anakuja kwa ajili ya Chakula cha Bwana tu? Barua ikinyamaza, watu watajaza wenyewe, kila kundi kwa namna yake.

Isomwe Jumapili moja katika makao makuu ya usharika na katika mitaa yote, yaani vituo vya ibada vilivyo chini ya usharika. Mara nyingi husomwa makao makuu kisha ikalala kwenye droo ya katibu. Mwezi unapita, mtaa wa mbali unaona mgeni amevaa joho anaomba taarifa ya sadaka, nao wanakataa kumpa. Si ukaidi, hawajaambiwa.

Hoja ya barua si ya kiofisi tu. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, katika kipengele cha 14, linasema hakuna apasaye kufundisha hadharani kanisani au kutoa sakramenti pasipo kuitwa kwa utaratibu. Mchungaji wa muda ameitwa kwa utaratibu. Muda wake ni mfupi, lakini utumishi wake si nusu. Ubatizo anaoutoa ni ubatizo, na hakuna sababu ya mzazi kumweka mtoto mwaka mzima akisubiri "mchungaji wetu mwenyewe".

Siku ya makabidhiano

Tengeni siku nzima, tena ya katikati ya wiki. Makabidhiano ya Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama na pilau inapoa, huishia kwenye kupeana mikono. Wakae anayeondoka, anayekuja, katibu, mhazini, mzee mmoja, na mkuu wa jimbo au mwakilishi wake. Orodha iandikwe nakala tatu: ya usharika, ya jimbo, na ya anayeondoka, ili naye awe na kinga akiulizwa mwakani.

Vinavyokabidhiwa ni madaftari ya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi, vyeti ambavyo havijatumika, kwa namba ya kwanza na ya mwisho, muhuri, vitabu vya stakabadhi, kwa namba ya risiti iliyokatwa mwisho, hati ya kiwanja au nakala yake pamoja na mahali ilipo halisi, mihtasari ya vikao, funguo, moja moja kwa jina la mlango, vyombo vya Meza ya Bwana, na vyote vya usharika vilivyomo katika nyumba ya mchungaji. Kitanda kilichonunuliwa na umoja wa wanawake kiandikwe hivyo. Bili ya maji isomwe siku hiyohiyo na namba ya mita iandikwe.

Daftari la ubatizo lastahili saa yake. Lifungueni, rudini nyuma mwaka mmoja, mteremke mstari kwa mstari: namba, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, wazazi, wasimamizi, tarehe ya ubatizo, sahihi. Kwa kawaida safu ya mwisho ndiyo yenye mapengo. Mchungaji alibatiza watoto 14 Sikukuu ya Pasaka, karani akaandika majina kwa penseli akisubiri wazazi walete tarehe sahihi, na sahihi haikuwekwa. Pengo hilo halimuumizi mtu leo. Litaumiza miaka 14 baadaye, mtoto akitaka kuanza kipaimara mjini na usharika wa huko ukiomba uthibitisho. Anayeondoka aweke sahihi zake zote kabla hajapakia mizigo. Anayekuja asitie sahihi kwa ubatizo ambao hakuutoa, hata akibembelezwa. Ikiwa mwenyewe amefariki, waulizwe wazazi na wasimamizi, maelezo yaandikwe pembeni kwa wino yakisema yamethibitishwa lini na nani, na mkuu wa jimbo aweke sahihi yake hapo.

Hundi na posho

Kosa linalojirudia ni kusubiri mchungaji aondoke ndipo watu wakumbuke kuwa ni mmoja wa watia sahihi benki. Kubadilisha mtia sahihi si kazi ya dakika kumi. Benki nyingi huomba muhtasari wa kikao cha baraza uliosainiwa, barua ya dayosisi, kitambulisho na picha za anayeingia. Kikao hicho kikae kabla ya siku ya kuondoka. La sivyo mwinjilisti wa mtaani, ambaye hahusiki na lolote, atakaa miezi miwili bila mshahara huku fedha ziko benki.

Kuhusu posho ya mchungaji wa muda, baraza likubaliane kiasi, na chanzo kiwe kimoja. Ikiwa sharika mbili zinamtumia, ziandikiane nani analipa nauli na nani analipa posho. Isitokee hata siku moja akapewa fedha kutoka kwenye kapu la sadaka kabla halijahesabiwa, hata kama ni mafuta ya pikipiki tu. Sadaka ihesabiwe na wazee wasiopungua wawili, iandikwe, ikatiwe risiti, ndipo malipo yatoke kwa hati ya malipo. Mkimpa mkononi mmemtia yeye mwenyewe mashakani.

Ratiba ifanyiwe hesabu

Tuchukue sharika mbili, kila moja na makao makuu na mitaa minne. Hizo ni mimbari 10. Mchungaji mmoja akiweza ibada mbili kwa Jumapili, atahitaji Jumapili tano kuzunguka zote. Maana yake kila mtaa unampata mara moja katika wiki tano, na hapo ndipo ubatizo na Chakula cha Bwana vipangwe. Pangeni wiki 13 kwa pamoja na kubandika ratiba ukutani. Wainjilisti washike ibada zilizobaki, nao wapewe masomo ya siku mapema.

Angalieni na umbali. Mtaa ulio kilomita 25 ni mwendo wa kilomita 50 kwenda na kurudi, na pikipiki ya kawaida itataka kama lita moja na nusu ya petroli. Ibada ya saa moja asubuhi mtaani na ya saa nne makao makuu inawezekana wakati wa kiangazi. Masika, barabara ikiwa ya udongo, haiwezekani. Semeni hivyo kwenye ratiba badala ya kumlaumu kwa kuchelewa.

Divai nayo ina hesabu yake. Chupa ya mililita 750 hujaza vikombe vidogo kama 100 visipojazwa sana. Wazee wa mtaa wakitoa idadi ya wanaokusudia kushiriki siku ya Alhamisi, hakuna haja ya kukimbizana asubuhi.

Mtoto akiwa katika hatari ya kufa na mchungaji yuko usharika wa pili, Mkristo yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mchungaji akifika, ubatizo huo huthibitishwa na kuandikwa. Haurudiwi.

Ndoa zina sheria ya nchi juu yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku zisizopungua 21 kabla, na mfungisha ndoa awe na leseni kutoka kwa Msajili Mkuu, ambayo hupitia RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Kuna mtego hapa: matangazo matatu ya kanisani, la kwanza tarehe 1 na la tatu tarehe 15, ni siku 14 tu, kwa hiyo msiyahesabu kuwa ndiyo taarifa. Leseni ya mchungaji wa muda iangaliwe kabla ya tangazo la kwanza, hasa kwa mstaafu. Kadi zikishachapwa na ukumbi umelipiwa, hakuna atakayetaka kusikia habari hiyo.

Kipaimara kisisimame

Darasa la kipaimara kwa kawaida ni la miaka miwili, na ndilo la kwanza kuvunjika katika kipindi cha mpito. Mwalimu aandike darasa limefika wapi katika Katekisimo Ndogo, kitabu cha mafundisho ya msingi ya Kilutheri: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo au Sakramenti ya Altare. Mchungaji wa muda aendelee kutoka hapo, asianze upya.

Na kama kuna anayedhani kushikilia usharika ni kazi ya kujaza pengo, akumbuke kitabu hicho kimetoka wapi. Mei 1528 Johannes Bugenhagen, mchungaji wa kanisa la mji wa Wittenberg, alikwenda Braunschweig na kisha Hamburg kupanga taratibu za kanisa, akarudi katikati ya 1529. Aliyemshikia mimbari ni Martin Luther. Ndani ya 1528, akiwa katika nafasi hiyo, Luther alihubiri katekisimo kwa awamu tatu, na mwaka uliofuata zikatoka Katekisimo Kubwa na Ndogo. Bugenhagen alipokwenda Lübeck, kuanzia 1530 hadi 1532, Luther akamshikia tena.

Mipaka ya pande zote

Mchungaji wa muda asianzishe ujenzi, asivunje kamati, asibadilishe saa za ibada bila sababu nzito. Kwaya, vijana na kamati ya ujenzi watamjia wiki ya kwanza na maneno "mchungaji aliyepita alituahidi". Jibu ni moja: muhtasari uko wapi? Kisichoandikwa kisubiri mchungaji kiongozi mpya.

Aliyeondoka naye ana mpaka. Familia ikitaka aje kufungisha ndoa au kuongoza mazishi, ombi lipitie kwa anayeshikilia, naye ndiye amwalike. Simu moja inatosha. Akionekana tu madhabahuni na joho lake, mmewagonganisha watumishi wawili mbele ya washarika wote.

Kwa Waswahili walio Marekani katika sharika za ELCA (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la huko), mambo ni tofauti. Huko usharika ndio unaomwita mchungaji, kwa kura za theluthi mbili ya wapiga kura waliohudhuria mkutano. Mchungaji wa muda huteuliwa na askofu wa sinodi kwa ridhaa ya usharika au baraza lake. Hatakiwi kushawishi nani achaguliwe, na kwa kawaida yeye mwenyewe hawezi kuitwa hapo. Kwa hiyo mkimpenda, msimpigie kampeni.

Jumapili ya kumpokea iwe ya kawaida. Mkuu wa jimbo asome barua, aombe, ibada iendelee. Ibada ya kuingizwa kazini ni ya mchungaji kiongozi, na mbuzi na vitenge vya mapokezi makubwa vimngoje yeye. Mchungaji wa muda apewe chai na mtu wa kumwonyesha njia ya mtaa wa mbali.

Siku ya kuondoka kwake, orodha ileile ya makabidhiano itolewe, isomwe upya, na kila daftari lichorwe mstari chini ya ingizo la mwisho, tarehe na sahihi yake vikiwa chini ya mstari huo.