Uhamasishaji wa chanjo za watoto kwenye kambi za dagaa Kigoma: maswali na majibu

Tunaanzia wapi tunapopanga kuhamasisha chanjo kijijini?

Anzieni kwenye rejista ya kliniki, kipaza sauti kije baadaye. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akae na muuguzi, watoe majina ya watoto waliochanjwa wiki ya 6 wasirudi wiki ya 10 au ya 14, na waliopata chanjo ya surua na rubella miezi 9 wakakosa ile ya miezi 18. Kisha apite nyumba kwa nyumba aulize kilichotokea, na asikilize mpaka mwisho. Mama aliyemfuata mumewe kambini kule Kalya anahitaji kujua kuwa anaweza kuendelea na chanjo kwenye kituo cha karibu, kadi aende nayo. Aliyeogopa homa anahitaji maelezo. Aliyefokewa kwa kupoteza kadi anahitaji kuombwa radhi, na hapo wa kuelimishwa ni sisi watoa huduma. Tangazo la "leteni watoto wachanjwe" haliwasaidii hawa. Wote wanajua chanjo ipo.

Tuchague siku gani?

Mwambaoni, tazameni mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti samaki, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo baba yuko nchi kavu, amelala vizuri, anasikiliza. Naye ni muhimu sana, kwa sababu mara nyingi nauli ya boti inatoka mfukoni mwake. Siku za giza, asubuhi ndiyo saa ya kupokea na kuanika dagaa. Kumwita mama mkutanoni saa tatu ni kumwambia aache mzigo uharibike. Mfuateni pale pale kwenye vichanja, mzungumze mikono yake ikiendelea na kazi, kwa Kiha kama ndicho anachokielewa zaidi.

Mzazi akisema sindano ilimletea mtoto homa?

Mkubalieni, maana ni kweli. Homa kidogo, uvimbe palipochomwa na kusumbuka siku moja au mbili ni kawaida. Haya aambiwe kabla ya sindano, si baada ya kukesha na mtoto. Amnyonyeshe mara kwa mara, na dawa ya homa ampe kwa kipimo alichoelekezwa. Degedege au kupumua kwa shida: kituoni mara moja.

Kwa nini matone ya polio yanarudiwa kwenye kampeni?

Mwaka 2023 polio ilithibitishwa Rukwa, na Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa iliyofanya kampeni. Sisi tunapakana na Burundi na Kongo, watu wanavuka kila siku, na kirusi husafiri nao. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto, humwongezea kinga. Mwambieni mzazi sababu hiyo waziwazi, vinginevyo ataitafuta kwa majirani.

Boti ya huduma ya mkoba, yaani inayowaletea watu chanjo kambini, ikishindwa kufika kwa sababu ya upepo?

Hili liingizwe kwenye mpango mapema: nani atampigia mwenyekiti wa kitongoji, na nani atapita kambini kuwaarifu watu siku hiyo hiyo na kuwapa tarehe mpya. Mama aliyekaa juani tangu asubuhi na mtoto mgongoni, akarudi bila neno lolote, ni vigumu kumwita tena.