Tundu kwenye bati, sakafu nzima: mabomu yaliyobaki Goma

Ukiingia katika nyumba ya Goma, mashariki mwa Kongo, iliyokuwa imefungwa tangu mapigano, tazama juu kabla ya kutazama chini. Bati lina tundu la ukubwa wa ngumi au sahani, mbao za dari zimevunjika, lakini sakafu haina shimo na kuta hazina alama: hapo kuna kitu kilichoingia na hakijatoka. Kombora la mota (bomba linalorusha mabomu juu ili yaangukie mbali) likilipuka ndani ya nyumba ya mbao, paa hufunguka, mbao huchanika, na vipande vya chuma hutoboa kila upande. Kama hayo yote hayaonekani, basi kombora lenyewe lipo. Huenda liko chini ya kitanda, ndani ya rundo la nguo, au limezama kati ya mawe yaliyobeba nyumba. Rudi nje kwa nyayo zako zilezile, funga mlango, na usimruhusu jirani aingie "kuhakikisha".

Mapigano ya mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipotangaza tarehe 27 kwamba wameuteka mji, yaliacha Goma vitu vya aina mbili, na watu wengi huvichanganya. Aina ya kwanza ni makombora yaliyopigwa yakakataa kulipuka. Ya pili ni silaha zilizotupwa na askari waliokuwa wanakimbia: masanduku ya masasi, grenadi, roketi za begani. Vilitupwa mitaroni, vyooni, nyuma ya makanisa, pamoja na sare. Hivi vya pili havijapita kwenye mtutu, kwa hiyo mara nyingi usalama wake bado umefungwa. Lakini mvua imevinyeshea, watoto wamevichezea, na huwezi kujua nani alivigusa kabla yako. Vya kwanza ndivyo vinavyotutisha zaidi sisi tunaofanya kazi hii ya kutegua mabomu, na sababu iko ndani ya fyuzi, kile kifaa kinachowasha mlipuko.

Kombora la mota lina ganda la chuma, baruti kali ndani yake, mkia wenye mapezi, na fyuzi puani. Fyuzi imetengenezwa ili isilipuke mikononi mwa anayelibeba. Kwanza hutolewa pini. Kisha kombora likipigwa, msukumo mkubwa wa kuruka hufungua kufuli la pili, na likisafiri kidogo angani linakuwa tayari. Kinachobaki ni pigo la kugonga ardhi: kijiti kidogo kinachoma kapsuli, yaani kile kidonge kinachowaka kwa kudungwa, kapsuli inaamsha baruti, ganda linapasuka. Kombora lililoanguka bila kulipuka limeshapita hatua zote isipokuwa ya mwisho. Kijiti kinaweza kuwa kimekwama milimita moja kutoka kwenye kapsuli. Kulipiga teke, kulivuta kwa kamba, kulipakia kwenye chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo), hata jua kali la mchana linalotanua chuma, vyote vinaweza kumalizia hiyo milimita. Ndiyo maana hatusemi kwamba bomu kama hilo limekufa.

Kwa nini yanakataa? Kwanza ni uzee. Makombora mengi yanayopigwa katika vita vya hapa ni ya zamani, yaliwekwa ghalani kwa unyevu, kapsuli zimeoza. Pili ni mahali yanapoangukia. Fyuzi inataka kugonga kitu kigumu tena kwa pua. Kombora likishuka juu ya migomba, likapita bati jembamba na mbao laini, au likatua kwenye udongo uliolimwa na kunyeshewa huko Sake, pigo linakuwa dogo. Tatu ni pembe: likigonga kwa ubavu, kijiti hakisogei vya kutosha.

Goma ina jambo lake la pekee, nalo ni mawe ya volkano. Mtiririko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 2002 ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na ule wa Mei 2021 ukafunika sehemu za kaskazini. Juu ya mwamba huo mgumu makombora mengi hulipuka vizuri, tena vibaya kwa binadamu, maana hayazami: vipande vinaruka chini-chini, na mawe yenyewe yanageuka vipande. Lakini mwamba huo umejaa nyufa na mapango madogo. Kombora lililokataa linateleza ndani ya ufa na kupotea machoni. Miezi baadaye anakuja mtu wa kuvunja mawe kwa nyundo, anatafuta jiwe la msingi wa nyumba, na nyundo yake inakuwa lile pigo lililokosekana. Wavunja mawe wa Ndosho, Mugunga na Katoyi wanastahili mafunzo haya kabla ya mtu mwingine yeyote mjini. Sauti ya nyundo juu ya chuma haifanani na ya nyundo juu ya jiwe. Ukiisikia, simamisha mkono.

Watu huuliza mara nyingi: "Hapa kwetu hakukupiganwa, bomu limetoka wapi?" Jibu ni umbali. Mota ndogo ya milimita 60 hubebwa na mtu mmoja au wawili na hupiga kilomita chache tu. Ya milimita 82, ambayo kombora lake lina uzito wa kama kilo 3, hufika karibu kilomita 4. Ya milimita 120 ina kombora la kama kilo 16 na hupiga kilomita 7 hivi. Halafu kuna roketi za milimita 122, zile wengi huziita katusha: kila moja ina urefu unaokaribia mita 3, uzito wa zaidi ya kilo 60, na hufika kilomita 20. Gari moja la kuzirushia, BM-21, lina mitutu 40. Sake iko kama kilomita 25 kutoka katikati ya Goma, kwa hiyo aliyeshika vilima vya upande ule anaweza kufikia Mugunga na Lac Vert, zilizo kati ya hapo na mji, bila wewe kumwona askari hata mmoja. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za wakimbizi wa vita za upande huo huo na kuua raia. Kinshasa na Marekani zililaumu jeshi la Rwanda na M23, Kigali ikakana. Wakati wa mapigano ya Januari 2025, mengine yalivuka mpaka na kuua watu upande wa Gisenyi, Rwanda, pia.

Roketi na mota ni silaha za eneo: anayepiga analenga kilima au njia panda, na risasi ya kwanza karibu kila mara inakosea. Anasahihisha, anapiga tena, kisha anapiga mfululizo. Kwa raia hii ina maana moja ya vitendo. Bomu la kwanza likianguka mtaani, usitoke kwenda kuona limeangukia wapi. Lala chini mahali palipo na kuta mbili kati yako na nje, mbali na madirisha. Nyumba ya mbao haizuii sasi la bunduki ya AK. Linapita ukuta wa huku na kutokea wa kule. Kama msingi wako ni wa mawe ya volkano, lala chini ya usawa wa hayo mawe. Ni kinga duni, lakini katika nyumba nyingi za Goma ndiyo iliyopo.

Droni zimeongeza kitu kingine. Mnamo Februari 2024 uwanja wa ndege wa Goma ulishambuliwa kwa droni na ndege za kiraia zikaharibika. Droni ya kujilipua ikianguka bila kulipuka huonekana kama mtambo wa thamani: betri, kamera, waya, mota za umeme. Fundi wa simu huona pesa. Lakini kichwa chake cha mlipuko mara nyingi huwashwa kwa umeme, na betri inaweza kuwa na nguvu bado. Usikate waya wowote, usichomoe betri.

Sasa vitu viwili ambavyo watoto huokota zaidi. Roketi ya begani, RPG-7, ina kichwa chenye umbo la koni na pua nyembamba. Ndani ya pua mna fuwele ndogo ambayo ikibanwa hutoa umeme, na umeme huo huenda nyuma kuwasha mlipuko. Haihitaji nyundo. Ikipigwa na isigonge kitu, imetengenezwa ijilipue yenyewe angani baada ya sekunde 4 na nusu hivi, kama mita 900 mbele. Ikishindwa hata hilo, inalala chini na fuwele yake ikiwa tayari. Kwa kazi yetu hiki ni kati ya vitu tusivyovisogeza kabisa; hulipuliwa palepale kilipo.

Grenadi, bomu la mkono, inategemea pete na mkono wa chuma uliobanwa ubavuni. Pete ikitoka na mkono ukiachiwa, fyuzi ya kawaida ya zile za aina ya F1 inawaka kwa sekunde 3 hadi 4 tu. F1 ina uzito wa gramu 600 hivi, na vipande vyake vinaweza kuua hata mtu aliye mbali sana na mrushaji. Hatari tunayoikuta mitaroni ni ya pini iliyoliwa na kutu, au pete iliyokwisha kutolewa na mkono kufungwa kwa kipande cha mpira au kamba. Mtoto anakata mpira apate "mpira wa kuchezea". Hapo hakuna muda wa kumwita.

Kuhusu masasi: ganda tupu la shaba, lililokwisha kupigwa, halina madhara. Sasi zima, lenye ncha mbele na kapsuli isiyo na alama ya kudunguliwa nyuma, si la kutengenezea mkufu wala la kuuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Wanunuzi wa vyuma tunawaomba jambo moja: kataeni kila kitu chenye mapezi, chenye pua iliyochongoka, au mtungi uliozibwa pande zote mbili, hata kama kina kutu kabisa. Kutu haipunguzi nguvu ya baruti. Inafanya tu usalama wa nje uoze kabla ya mlipuko wa ndani.

Moto ni kisababishi kinachosahaulika. Takataka za mtaani huchomwa jioni, na ndani yake mna vilivyotupwa usiku wa mapigano. Kagua rundo kwa macho kabla ya kiberiti, si kwa jembe. Mafiga nayo: familia inayorudi huwasha mawe matatu palepale yalipokuwa, bila kujua kilichofukiwa chini yake. Sogeza jiko mahali palipo wazi, kwenye mwamba unaouona wote.

Ukikiona kitu, simama. Usipige picha kwa kukisogelea. Kama umeshakiona kutoka ulipo, picha ya hapo inatosha. Rudi ulikopita. Ondoa watu angalau hatua 100, nyuma ya ukuta au jengo, na kwa kitu kikubwa kama roketi ongeza zaidi. Weka alama njiani, mbali na kitu chenyewe: rundo la mawe, matawi mawili yaliyovukana, kitambaa chekundu. Ukishafika mbali ndipo upige simu kwa mkuu wa mtaa au kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ili ujumbe uwafikie wategua mabomu. Waambie mambo manne: ni wapi hasa (kanisa gani, kona gani), umbo lake, urefu wake kwa kulinganisha na mkono au mguu, na kama watu wanapita karibu.

Kosa linaloonekana kuwa la wema ni lile la kukibeba kwenye ndoo hadi ofisi ya mtaa. Umechukua hatari iliyokuwa mahali pamoja ukaipitisha sokoni. Kukitupa chooni au ziwani si suluhisho pia: choo kitachimbwa siku moja, na Kivu ina wavuvi wenye nyavu.

Kama mlipuko umeshatokea, usimkimbilie majeruhi kabla ya kutazama ardhi kati yako na yeye. Kama unaweza kumfikia salama, shindilia kitambaa safi juu ya jeraha kwa nguvu. Damu ya mkono au mguu ikiruka bila kukoma, funga kitambaa kipana kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, upana wa vidole vinne hivi kutoka jerahani, kaza kwa kijiti hadi damu isimame, na uandike saa uliyofunga. Usiweke majivu wala udongo. Hospitali ya CBCA Ndosho ina uzoefu wa upasuaji wa majeraha ya vita. Waambie ni mlipuko, si ajali ya pikipiki.

Waliotoka kambini kurudi mashambani, kuelekea Sake na Masisi, watakuta pia mahali mota zilikowekwa: shimo la duara, majani yaliyoungua, mabomba ya plastiki au kadibodi ya kufungia makombora. Karibu na hapo hubaki vifuko au pete za baruti ya kusukumia, zile zinazovishwa kwenye mkia wa kombora ili liende mbali zaidi. Zikikusanywa na kuwashwa hazilipuki kama bomu, ila huwaka kwa mwali mmoja wa ghafla unaochoma uso na mikono. Shamba la namna hiyo usilianze kwa jembe. Pita pembeni kwanza kwa miguu na macho, kwenye njia ambazo ng'ombe na watu wamezipita tayari, na acha lile duara na mita zake zinazolizunguka bila kulima hadi litazamwe.