Mapafu ya mtoto njiti: mbona dawa zajaribiwa miaka na miaka?

Maswali haya ni ya aina wanayouliza wazazi na nyanya wa Malindi na vitongoji vyake, mtoto akiwa nasari, yaani wodi ya watoto wachanga, au akiwa ndiyo kwanza karudishwa nyumbani.

Mjukuu wangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 27. Sasa ana wiki 10 na bado hajatolewa oksijeni. Ni pumu ya ukoo wetu?

La, bibi, si pumu, na ukoo hauna hatia. Mtoto wa wiki 27 huzaliwa vifuko vya hewa vya mapafu yake havijaumbika sawasawa, na ute unaovizuia visinate haujatosha. Bila oksijeni, na pengine mashine ya kusukuma hewa, hawezi kuishi. Lakini nguvu ya mashine, oksijeni nyingi na maambukizi huyaumiza mapafu yaleyale yanayookolewa. Yanapona na makovu, na vifuko vipya vinaota vichache. Daktari William Northway wa Marekani na wenzake waliueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1967.

Siku hizi hujumlishwa wiki za tumboni na za nje. Zikifika 36 na mtoto bado ahitaji oksijeni, huambiwa ana ugonjwa sugu wa mapafu. Wako amefika 37. Wengi huachana na oksijeni polepole, kwani mapafu huendelea kukua miaka ya mwanzo ya maisha.

Wauguzi wampa kafeini. Mtoto wa kilo moja na kahawa wapi na wapi?

Si kahawa ya dele, na asije mtu akamtonesha ya kibarazani! Ni kafeini safi iliyopimwa kwa uzito wake. Mtoto njiti husahau kupumua, na kafeini huiamsha sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi.

Ilitolewa miaka mingi kwa mazoea tu, mpaka Barbara Schmidt wa Kanada na wenzake walipotaka uhakika. Waliandikisha watoto 2,006 wa gramu 500 hadi 1,250, wengine wakapewa kafeini, wengine maji ya chumvi. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa ugonjwa sugu wa mapafu uliwapata kama 36 kati ya kila 100 waliopewa kafeini, na 47 kati ya 100 ambao hawakupewa. Nayo mapafu hayakuwa hata swali lao kuu. Walitaka hasa kujua mtoto atakuwaje akifika miezi 18, na huko nako waliopata ulemavu walikuwa wachache zaidi upande wa kafeini. Waliendelea kuwafuata mpaka wakafika miaka 11. Mimi dawa iliyofuatwa hivyo naiamini.

Jirani aliambiwa ipo steroidi inayomtoa mtoto kwenye mashine kwa siku chache. Mbona hawapewi wote?

Hapa ndipo penye kiini cha habari nzima. Steroidi hiyo ni deksamethasoni, na kweli hufanya kazi: uvimbe wa mapafu hupungua na mtoto huweza kutolewa mashine. Miaka ya 1980 na 1990 ilitolewa kwa wingi, na kwa dozi kubwa. Watoto walipoanza kutembea, au kushindwa kutembea, ndipo ilipobainika kuwa waliopewa mapema walikuwa na kupooza kwa ubongo zaidi ya wenzao. Mwaka 2002 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilionya isitolewe kama desturi. Leo huwekewa mtoto aliyekwama kwenye mashine, kwa dozi ndogo, wala si siku za mwanzo.

Watafiti wakajaribu steroidi nyingine, budesonidi, ya kuvutwa kwa pumzi ili isienee mwilini. Ilijaribiwa kwa watoto 863, na matokeo yakatoka mwaka 2015. Ugonjwa wa mapafu ulipungua, lakini vifo vikaelekea kuwa vingi zaidi upande wa dawa. Ukitazama pafu peke yake utashangilia. Ukihesabu watoto walio hai utasita. Haidrokotisoni, steroidi nyingine tena, ya dozi ndogo, iliyojaribiwa Ufaransa, ilileta matumaini zaidi: mwaka 2016 iliripotiwa kuwa watoto 60 kati ya 100 waliopewa waliishi bila ugonjwa huu, dhidi ya 51 kati ya 100 ambao hawakupewa.

Msichanganye na sindano ya steroidi apewayo mama kabla ya kujifungua njiti. Hiyo ni habari nyingine, na imejaribiwa Kenya pia, katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020. Vifo vya watoto vilipungua. Mama akipewa hospitalini, asiikatae.

Lakini kumpa mtoto wa mwenzio maji ya chumvi si kumdhulumu?

Ingekuwa dhuluma kama ingejulikana dawa inafaa. Haijulikani, na mara nyingine aliyekosa dawa ndiye aliyenusurika. Huduma nyingine zote, oksijeni, maziwa, joto, wote hupata sawa.

Nikiombwa sahihi ili mtoto aingizwe kwenye jaribio la dawa, niulize nini?

Uliza mtoto atafuatwa mpaka umri gani. Jaribio linaloishia siku ya kutoka nasari halitakwambia lolote kuhusu kutembea na kusoma. Uliza damu itatolewa kiasi gani na ya nini, maana maneno ya mitaani kuhusu damu tunayajua sote, na ni haki yako kujibiwa. Uliza nani atagharamia mtoto akidhurika.

Kenya, jaribio la dawa lazima lipitishwe na kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu. Maelezo upewe kwa lugha unayoielewa. Asiyejua kuandika hutia dole gumba mbele ya shahidi. Ukikataa, au ukijitoa katikati, matibabu ya mwanao hayapungui.

Tumerudi nyumbani na arobaini haijaisha. Nyanya yake ataka kumfukiza ubani.

Nyanya aheshimiwe, lakini chetezo kikae mbali. Moshi wa ubani, udi, kuni au sigara, wote unayachoma mapafu yenye makovu. Nguo za mama zifukizwe nje, zianikwe kwanza ndipo azivae. Na mtoto akianza kubonyea mbavu, midomo ikageuka rangi, au akishindwa kunyonya, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.