Feni tatu, maji au feni moja? Dhana potofu kuhusu upoozaji wa kadi ya grafiki

Dhana: Kadi ya grafiki (sehemu ya kompyuta inayochora picha za michezo) yenye feni tatu hupoa zaidi kuliko yenye mbili.

Ukweli: Kazi kubwa inafanywa na mabomba ya shaba yanayotoa joto kwenye chipu na mapezi ya alumini yanayolisambaza. Feni zinapitisha hewa tu. Kadi inayotumia umeme wa wati 115, kama RTX 4060, inatoshwa na feni mbili. Tatu zina maana kuanzia wati 200 hivi, na hapo kadi nyingi zinavuka milimita 300 kwa urefu. Kabla ya kulipa, chukua futi kamba upime kutoka bati la nyuma la kasha la kompyuta hadi kwenye feni za mbele, siyo hadi ukuta wa mbele. Feni ya kasha ina unene wa milimita 25, na hizo ndizo watu husahau. Chini ya kadi ziache angalau milimita 40 wazi. Zikikosekana, hata feni tatu zitakuwa zinavuta hewa moto ileile.

Dhana: Kadi ikipata nyuzi 68 kwenye majaribio ya mtandaoni, na kwako itapata 68.

Ukweli: Majaribio mengi hufanyika kwenye chumba cha nyuzi 20 na kitu. Mchana wa Mwanza chumba kina 28 au 29, na tofauti hiyo inaongezeka karibu yote juu ya joto la kadi. Halafu mji uko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu.

Dhana: Fungua ubavu wa kasha, elekezea feni ya mezani.

Ukweli: Wiki ya kwanza utafurahi. Lakini wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa usiku, zikiwemo taa za rangi za kompyuta. Wanafia kati ya mapezi, vumbi la kiangazi linawagandia, mwishowe panajengeka tabaka la kijivu kama sufi. Feni zinavuma kwa nguvu zote, hewa haipiti, kadi inajipunguzia kasi na mchezo unaanza kukatakata. Funga kasha. Weka chujio la wavu mbele, feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa, ili hewa iingie kwa wingi kupitia chujioni badala ya kunyonywa kwenye nyufa. Kiangazi, osha chujio kila wiki mbili na likauke kabisa. Ukipuliza mapezi, shika mapanga ya feni kwa kidole. Upepo ukiyazungusha kupita kasi yake, beringi zinaumia.

Dhana: Kadi inayopozwa kwa maji ndiyo baridi kabisa.

Ukweli: Rejeta, yaani sehemu inayopoza maji kwa hewa, haiwezi kuyashusha chini ya joto la chumba. Tena pampu ikifa, kadi haitumiki. Kwa wengi hiyo hela ingefaa kununua chipu kubwa zaidi.

Dhana: Kadi ya feni moja inayotoa joto nyuma imepitwa na wakati.

Ukweli: Ina kelele, ila kwenye kasha dogo lisilo na njia ya hewa inasaidia.

Dhana: Kadi ikipozwa vizuri, chumba hakichemki.

Ukweli: Wati 200 zote zinaishia chumbani, kwa mpoozo wowote. Kama uko chini ya paa la bati saa nane mchana, punguza kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 80 na fremu (picha za mchezo) hadi 60 kwa sekunde, kisha fungua dirisha lenye wavu.